Siki Isiyotiwa Mkono

Habari ya kifo cha kaka yangu Nassor ilinikuta Nizwa, Oman, kwenye kiti cha daktari wa meno, nikisubiri ganzi ishike. Nusu ya uso wangu ilikuwa imeshakufa. Aliyepiga simu alizungumza Kiarabu cha Maghrib, cha Afrika ya Kaskazini. Alisema yeye ni wa msikiti wa Béziers, kusini mwa Ufaransa, na kwamba Nassor alianguka baada ya sala ya Ijumaa na hakuinuka tena. Wameshamzika, maana namba yangu hawakuipata mpaka walipofanikiwa kuifungua simu yake. Nikataka kusema inna lillahi, ikatoka sauti ya mtu anayetafuna sufi. "Alikuwa akituadhinia," alisema yule mtu, "kila muadhini wetu akiugua." Nikamshukuru kwa ulimi usiokuwa wangu. Mambo yangu makubwa ndivyo yanavyonijia siku zote, nikiwa katika hali ya kuchekesha. Daktari akaniuliza kama ni habari njema. Nikatikisa kichwa, naye akadhani namwambia niko tayari, akaling'oa jino.

Baba yuko Ibra, na ni mimi ninayemtazama, kwani sina mume wa kunizuia wala kazi ya kunifunga. Naandika makala, shughuli ambayo jamaa zangu huieleza kwa kusema kwamba Raya "anapumzika". Baba amekuwa mtu mzima sana. Husahau kama amekula, husahau kama Bibi, mama yake, ameshafariki, ila fiqhi, elimu ya sheria za dini aliyoisomesha skuli miaka yote ile, haijampotea hata herufi. Niliporudi nikamwambia kuhusu Nassor. Alilia kilio kisicho na sauti, akaomba maji. Kesho yake aliniuliza kama Nassor amepiga simu, nikamwambia upya, akalia upya, kilio kile kile, kwa machozi mapya. Aliponiuliza tena nikamletea maji tu. Ndipo siku moja tukiwa kwenye chakula akaacha kula, akanitazama kwa macho makavu kabisa, akasema, "Imeshageuka?"

Mtu mwingine angedhani ni wazimu wa uzee. Mimi nilijua hapo hapo anachouliza, na mkono wangu ukabaki ndani ya sinia.

Wasomaji wa kumbukumbu hupenda kwanza wajue babu alitoka wapi, alipanda meli gani, na alipofika Oman alikuwa na nini mfukoni. Hayo nayaruka. Kila nyumba ya watu wetu wa Unguja na Pemba inayo hadithi hiyo, na kila nyumba hudhani ya kwake ndiyo yenye meli kubwa zaidi. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kuusimulia, mwaka ambao tulikaa, watu wazima wenye akili zetu, tukisubiri chupa moja ya divai nyekundu igeuke siki.

Ulikuwa wakati wa kukata tende. Nilikuwa nimemaliza skuli na nasubiri nafasi ya chuo kikuu, nikijiona msomi kwa sababu nilikuwa na kamusi mbili. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, jiko likawa langu na Bibi. Nassor alirudi kutoka Montpellier, Ufaransa, alikokwenda kusomea uhandisi wa maji, mwembamba, na ndevu kidogo zilizomfanya Bibi apige vigelegele. "Mume wangu karudi!" alisema, maana Bibi kwa utani wa mabibi wote alimwita Nassor mume na mimi mke mwenziwe. "Mke mwenzangu, kamkaangie mume wetu samaki, huko Uzunguni walikuwa wakimlisha majani." Baada ya kula sanduku lilifunguliwa ukumbini. Bibi alipata manukato, mimi nikapata kalamu ya wino ambayo ilivuja siku hiyo hiyo. Kisha Nassor akatoa kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya sweta la sufi, akakiweka mbele ya Baba kwa mikono miwili.

Baba alilifungua sweta taratibu, akitabasamu. Ikatokea chupa, yenye karatasi iliyochorwa nyumba ya mawe na safu za mizabibu. Ile tabasamu ilikaa usoni kwa muda kidogo zaidi ya ilivyostahili, kama mgeni ambaye hajaambiwa kuwa shughuli imeahirishwa. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu, ndiye aliyeuliza, "Siki hiyo?"

"Siyo, Bibi," alisema Nassor. "Divai. Lakini Baba, hii nimeifanyia kazi mwenyewe. Kila mavuno nilikwenda kwa mzee mmoja, Lusiani. Nimezichuma zabibu zake, nimeyaviringisha mapipa yake. Si ya kunywa. Nilitaka tu uinu..."

"Divai si ya kunywa," alisema Baba. "Basi ni ya kuogea?"

"Baba, nisikilize."

"Kaimwage."

Nassor akasema kwa adabu ambayo bado inaniuma, "Imwage wewe, Baba. Mimi mkono hautanyanyuka."

Baba hakuweza kuimwaga, kwa sababu hakukubali kuigusa. Basi chupa ikabaki katikati ya mkeka, wanaume wawili wakiitazama, na hakuna aliyejua wa kwanza kuinuka angeinuka vipi. Bibi ndiye aliyewaokoa, au alidhani amewaokoa. "Wewe mwanangu msomi," alimwambia Baba, "nifundishe mimi mjinga. Divai ikigeuka siki, ni haramu?"

"Ikigeuka yenyewe, ni halali."

"Basi iacheni igeuke. Pupa ya nini?"

Mtu aliyempenda mwanawe na aliyeipenda fiqhi alikuwa amewekewa mlango, na Baba aliuona. Lakini Baba hakuwa mtu wa kupita mlangoni bila ya kuukagua. Alisema wapo wanavyuoni wenye kauli nyingine, ila yeye anafuata ile aliyoipokea kwa walimu wake: lazima igeuke bila ya mkono wa mtu. Isifunguliwe, isitiwe chumvi wala kitu chochote, isisaidiwe. Ikae nyumba yetu ya zamani, ile ya udongo, chumba cha tende. "Na mpaka siku hiyo," alisema, akiinuka, "Nassor hatii mkono kwenye sinia langu."

Asiyekulia katika nyumba zetu huenda asiuone uzito wa hukumu hiyo. Kwetu mtu anaweza kugombana na baba yake asubuhi na wakakutana kwenye sinia mchana, mikono inaingia wali mmoja, na ugomvi unayeyuka bila ya mtu kuomba radhi. Baba akisogeza mbele yako kipande kizuri cha nyama, basi yamekwisha. Nassor alinyimwa mahali pale pa kuyamaliza mambo. Alilala nyumbani, alisalimia, "Shikamoo, Baba," akajibiwa "Marahaba," na chakula chake nikawa nampelekea majlisi ya nje, chumba cha kupokelea wageni, sahani moja, kama mgeni aliyechelewa. Wageni walipomkuta akila peke yake tuliwaambia tumbo lake limeharibiwa na vyakula vya Kifaransa. Huruma ya Ibra ikatufurika. Wanawake wa soko la Jumatano walimletea Bibi mizizi, mbegu na asali. Mzee mmoja wa Bidiya alituma maziwa ya ngamia kwenye chupa ya soda. Nassor aliyanywa yote. "Nitakufa kwa tiba," aliniambia, "na hilo tumbo ndilo kitu pekee kizima nilichobaki nacho." Alikuwa akiendesha gari la watalii mchangani, akisubiri kazi ya serikali, na kila jioni alirudi kula katika chumba chenye mito ya kuegemea watu kumi na wawili.

Jikoni Bibi alikuwa anacheka, kicheko kibaya. Kila mwaka alitengeneza siki ya tende kwenye mitungi yake, akaifunika kwa kitambaa chepesi, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. "Siki bila ya hewa, mke mwenzangu? Hiyo ni mimba bila ya mume. Mwanangu anangoja mtoto wa miujiza." Nilimwuliza kama Baba halijui hilo, yeye aliyekulia kati ya mitungi hiyo hiyo. Bibi akaacha kucheka, akaendelea kukata vitunguu. Siku nyingine naamini Baba hakuwahi kuingia jikoni kwa kiasi cha kujua siki inavyopatikana. Siku nyingine naamini alijua vizuri sana, akaweka sharti lisilowezekana, kisha akakaa akiomba Mungu amshinde.

Nassor alijua. Aliniambia ndani ya chumba cha tende kwenye nyumba ya udongo, tulipokwenda kuitazama chupa kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Kilikuwa chumba chembamba, joto, kinanata. Magunia ya tende yamepangwa na asali yake inatiririka taratibu kwenye vijia vya sakafuni. Aliniambia kwamba mzee Lusiani alichanganya zabibu za namna tatu, moja kwa utamu, moja kwa rangi, moja kwa ukali, kwa sababu, alisema, zabibu moja peke yake hupiga kelele. Kisha ikalala kwenye mapipa ya mwaloni. "Pipa linapumua, Raya. Mbao zina vinyweleo kama ngozi. Divai inavuta pumzi kidogo kidogo, na inachukua harufu ya mti. Unajua mwaloni ukichomwa kidogo kwa ndani unatia harufu gani? Karafuu. Wallahi. Siku ya kwanza Lusiani aliponipa bilauri ninuse nilisema 'karafuu' kabla hajaniuliza, akanikumbatia. Baada ya hapo kila pipa ananiita mimi. Mimi nilikuwa pua yake."

"Ulikunywa?"

Alinitazama. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Sikunywa. Nilinusa tu. Walinicheka, wakanizoea."

"Mwambie Baba!"

"Hajauliza." Akaigusa shingo ya chupa. "Nilitaka anuse, basi. Mtu anayekaa kila siku anatuhadithia uanikaji wa karafuu Pemba, majamvi yamejaa njia nzima. Nilitaka anuse halafu tuimwage sote wawili. Ndivyo nilivyoipanga kichwani, ndani ya ndege. Kichwani ilikuwa nzuri."

Nikamwuliza itageuka lini. Akasema haitageuka. Pipa linapumua, chupa haipumui, ikishazibwa imezibwa. "Basi kwa nini ulikubali?" nilisema. Akajibu, "Kwa sababu Baba hakusema abadan. Alisema mpaka." Nimeandika makala nyingi kuhusu matumaini tangu siku hiyo, nyingine zimelipwa, na hakuna moja iliyofika pale lilipofika neno lile.

Bibi alijaribu kuusaidia muujiza. Siku moja alinichukua mpaka nyumba ya zamani, fimbo mkono mmoja na pini ya nywele mkono mwingine. "Tobo dogo tu," alisema. "Mungu hatachungulia tobo la pini." Nassor alitukuta mlangoni, akaichukua ile pini kwa upole na kumchomekea Bibi kwenye ushungi. "Bibi, mkono wa mtu."

"Mkono wangu si wa mtu, ni wa bibi yako!"

"Baba ataniuliza, na mimi nitamjibu." Bibi akamwita punda, akamwita mwana wa baba yake, kisha akaketi juu ya gunia la tende, akalia.

Na kweli Baba aliuliza, mara moja tu, siku ya Idi. Mwaka ulikuwa umekaribia kuzunguka. Nyama ya shuwa ilikuwa imetolewa shimoni, nyumba nzima inanukia, sinia kubwa limeshawekwa. Bibi alikuwa mgonjwa, ametandikiwa kitanda ukumbini, na alisema hatakula mpaka mume wake aje. Baba akasema chupa iletwe. Nassor aliileta ndani ya sweta lake, amevaa kanzu mpya ya Idi. Baba hakuigusa. "Wewe ndiye mjuzi wake," alisema. "Imegeuka?"

Nilikuwa nimesimama na birika la kunawishia mikono, kwa hiyo niliuona uso wa Baba kutoka ubavuni. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimeuona uso ule ukiamrisha, ukisomesha, ukikataa. Siku hiyo ulikuwa unaomba. Hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyeweza kujua kilichomo ndani ya chupa iliyozibwa. Baba alikuwa amemwachia Nassor neno, na neno lolote angelipokea. Bibi kutoka kitandani alisema kwa sauti ya chini, "Sema, mume wangu. Sema." Nassor akainyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyekundu, safi, rangi ya komamanga za Jabal Akhdhar, kama siku aliyokuja nayo.

"Bado, Baba," alisema.

"Bado," alirudia Baba. Akasimama pale, akingoja kama kwamba sentensi ilikuwa na mwisho mwingine. Kisha akanyoosha mikono nimmwagie maji, nikammwagia, akaenda kula. Nassor alimkabidhi Bibi chupa, na baada ya siku chache Bibi akanituma niirudishe kwenye chumba cha tende. Aliniagiza niisimamishe wima, kwa sababu chupa nzuri, alisema, hailazwi kama mlevi.

Nassor aliondoka kabla ya tende mpya kuiva. Alimbusu Baba mkono na kichwa. Alipata kazi ya mabomba ya maji ya mji huko huko kusini mwa Ufaransa, na kwa mzee Lusiani hakurudi tena. Harufu ile, aliniambia kwenye simu, ilikuwa imemwishia. Kila Idi alipiga. Baba alikuwa akiuliza, "Mzima?" naye akiuliza, "Mzima?" na mimi katikati nilikuwa tarishi wa neno moja. Bibi alipofariki nilimwomba aje. Akasema bila ya uchungu wowote, kama mtu anayeuliza jambo la usafiri, "Nikija nitakula wapi, Raya?"

Hakuna aliyekwenda kuitazama chupa. Baba hakuwa mtu wa kuingia chumba chenye divai. Bibi hayupo. Mimi nilikuwa nimeambiwa na mhandisi kwamba haitageuka, na msomi akishaambiwa jambo na msomi mwenziwe, macho huwa hayana kazi tena.

Baada ya swali la Baba nilichukua ufunguo nikavuka mfereji wa falaji mpaka nyumba ya udongo. Paa la ukumbi limeanguka. Chumba cha tende bado kizima, hakuna tende, harufu imebaki kwenye kuta. Chupa ilikuwa pale pale, wima, sweta limeliwa na nondo likabaki kola na mkono mmoja. Nilimulika kwa simu. Divai ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na rangi yake haikuwa ya komamanga, ilikuwa ya chai iliyolala. Kizibo kilikuwa kimekauka na kusinyaa, kinachezacheza kama jino langu la juzi. Nilipokigusa kikanifuata mkononi, na harufu iliyotoka haikuhitaji pua ya mtaalamu. Ilikuwa siki, kali, safi, kama ya mitungi ya Bibi.

Nassor aliijua divai ya huko, kwenye mahandaki yenye unyevu ambako chupa hulazwa na kizibo hakikauki. Ya Ibra hakuijua. Joto letu limekikausha kizibo, hewa ikajipenyeza yenyewe, bila ya pini na bila ya mkono. Ilifanyika lini, sijui. Labda mwaka ule ule aliokwenda. Labda tulipokuwa tunamzika Bibi ilikuwa tayari imegeuka, na yeye angeweza kukaa kwenye sinia la matanga. Nilinusa tena na tena nikitafuta karafuu. Haikuwepo.

Nikaitia kidogo kwenye kibakuli, nikampelekea Baba kabla ya chakula cha mchana. Aliisogeza puani. "Siki," alisema. Kisha yule mwalimu akaamka ndani yake. "Mkono wa mtu umeingia?"

"Haukuingia, Baba."

"Chumvi? Kitu chochote?"

"Hakuna. Jua tu."

"Nani shahidi wako?"

Nikamwonesha kizibo. Alikigeuzageuza, akakivunja kati ya vidole, kikawa unga. "Imegeuka yenyewe," alisema. "Ni halali." Nikaimimina juu ya kachumbari, nikaweka sinia, wali na papa, nikakaa. Baba alichota kwa vidole, akatafuna polepole, akafumba macho kwa ule ukali. Kisha akajisogeza juu ya mkeka, upande, kwa shida, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja baina yangu na yeye. Akachagua kipande kizuri cha papa, akakisukuma mbele ya ile nafasi.

"Kamwite Nassor aje ale," alisema.

Nikainuka. Nilitoka mpaka mlango wa majlisi, nikasimama hapo kwa muda unaomtosha mtu kuita na kuitikiwa, kisha nikarudi. Baba alikuwa hajala. Mkono wake ulikuwa juu ya wali, umefumba tonge, unasubiri.